Paa Halina Jiwe la Msingi

Kuchangisha fedha za kanisa jipya ni kazi ngumu, lakini njia yake kila mtu anaijua. Kamati ya ujenzi inaundwa, ramani ya rangi inabandikwa mlangoni, askofu anabariki jiwe la msingi, mgeni rasmi anaalikwa, na jumuiya zinashindana kuleta matofali. Kila aliyechangia ana kitu cha kumwonesha mwanawe. Kuchangisha fedha za kubadilisha kenchi zilizoliwa na mchwa, juu ya kanisa ambalo hata babu zetu walilikuta limesimama, ni habari nyingine kabisa. Hakuna mgeni rasmi wa mfereji wa maji ya mvua. Fundi akiifanya kazi yake vizuri, kanisa linaonekana vilevile lilivyokuwa, na mtu aliyetoa laki mbili anajiuliza zimekwenda wapi.

Hilo ndilo tatizo la makanisa ya zamani ya magharibi mwa Tanzania, kuanzia Tabora yenyewe hadi Karema kwenye Ziwa Tanganyika na Ushirombo upande wa kaskazini. Umaskini wa waumini unatajwa kila mara, na upo. Ila parokia hizohizo zinajenga vigango vipya, nyumba za mapadri na shule za chekechea. Pesa inapatikana. Utaratibu wetu wa kuichangisha ndio uliotengenezwa kwa ajili ya kujenga, na ukarabati unadai utaratibu wa namna nyingine: wa polepole, wa kila wiki, na wenye hesabu zinazosomwa hadharani hata pale ambapo hakuna cha kupiga picha.

Tuanze na jambo ambalo kamati nyingi hazijiulizi, yaani majengo haya yalijengwa kwa pesa ya nani. Msafara wa kwanza wa Wamisionari wa Afrika, wale wanaojulikana zaidi kama Mapadri Weupe, uliondoka pwani katikati ya mwaka 1878 ukafuata njia ileile ya pembe na watumwa. Mmoja wao, Padri Joachim Pascal, alifia njiani. Waliobaki walifika Tabora kabla ya mwaka kuisha, wakagawanyika: kundi moja likashika njia ya Ujiji, jingine likaelekea Buganda. Misafara ya wakati ule ililipa hongo kwa watemi wa Ugogo na ililipa wapagazi kwa vitambaa na shanga, kwa hiyo hata kabla ya tofali la kwanza kufyatuliwa fedha nyingi ilikuwa imeshatumika.

Fedha hiyo ilitoka wapi? Lavigerie, askofu mkuu wa Algiers aliyeanzisha shirika hilo mwaka 1868, alikuwa mchangishaji hodari. Lakini chanzo kikubwa cha fedha za misioni za Kikatoliki katika karne ile kilikuwa Shirika la Uenezaji wa Imani, lililoanzia mjini Lyon, Ufaransa, mwaka 1822. Mwenye wazo lake, Pauline Jaricot, alikuwa binti wa mwenye kiwanda cha hariri. Aliwapanga watu wa kawaida, wengi wao wafanyakazi wa viwandani, katika vikundi vya watu kumi kumi. Kila mmoja alitoa sarafu ndogo kila wiki. Kiongozi wa kumi alipeleka kwa kiongozi wa mia, na wa mia akapeleka kwa wa elfu. Mwaka 1890 Papa Leo XIII akaongeza mchango wa kila mwaka, siku ya Epifania, kwa ajili ya kupambana na utumwa barani Afrika. Jaricot mwenyewe alikufa maskini mwaka 1862, na Kanisa likamtangaza mwenye heri Mei 2022.

Kwa hiyo misioni za njia ya misafara zilibebwa kwa sehemu kubwa na sarafu za watu ambao wenyewe hawakuwa na kitu, zilizokusanywa kwa nidhamu ya ajabu. Nalisisitiza hili kwa sababu kila kamati ya ukarabati huanza kikao chake cha kwanza kwa kuuliza nani anamjua mfadhili. Na muundo wa Jaricot, watu kumi na kiongozi wao, si mgeni kwetu hata kidogo. Tangu maaskofu wa Afrika Mashariki walipoamua katika miaka ya 1970 kuzifanya jumuiya ndogo ndogo za Kikristo kuwa msingi wa maisha ya parokia, kila Mkatoliki wa Tabora anao mtandao huo nyumba chache kutoka kwake. Tunautumia kwa rozari, kwa misiba na kwa kuleta mahindi siku ya mavuno. Kwa paa, tunaitisha harambee.

Historia iliyobaki ya majengo haya inafaa kuelezwa kwa sababu nyingine: ndiyo bidhaa pekee ambayo parokia ya zamani inayo na parokia mpya haina. Karema ni mfano mzuri. Ilianza kama ngome, iliyojengwa na Wabelgiji wa Mfalme Leopold mwaka 1879, wakaikabidhi kwa Mapadri Weupe mwaka 1885. Hapo ndipo Adrien Atiman alipofanya kazi kama katekista na tabibu kwa zaidi ya miaka 60, hadi alipofariki mwaka 1956. Alizaliwa ukanda wa mto Niger, akakamatwa akiwa mtoto akauzwa, akakombolewa na wamisionari, akasomea utabibu Malta. Kaburi lake liko Karema. Kipalapala, karibu na mji wa Tabora, ilianzishwa mapema miaka ya 1880, ikaachwa mwaka 1889 wakati wa uhasama na Mtemi Isike wa Unyanyembe. Isike mwenyewe, Januari 1893, Wajerumani walipoivamia ngome yake, aliamua kujilipua kwa baruti kuliko kujisalimisha. Mapadri walikuwa wamehamia Ushirombo mwaka 1891. Kipalapala ikafufuka baadaye, na mwaka 1925 ikawa seminari kuu, ambako wamepita mapadri wengi wa nchi hii. Na jambo hili si la Wakatoliki peke yao. Urambo, kwa Mtemi Mirambo, wamisionari wa London walifika mwaka 1879, wakawaachia Wamoravian mwaka 1898, na kutoka hapo Wamoravian wakasambaa Kitunda, Sikonge na Ipole. Nao wana makanisa ya matofali ya kuchoma yanayovuja.

Swali linalofuata ni la kisheria, na halipendezi. Jengo ni la nani? Muumini atasema ni letu. Sheria ya nchi inasema mali ya parokia inashikwa na wadhamini waliosajiliwa wa jimbo. Parokia yenyewe haiwezi kusaini mkataba na mfadhili wala kwenda mahakamani. Sheria ya Kanisa inaongeza ngazi yake: kazi inayozidi uendeshaji wa kawaida inahitaji kibali cha maandishi kutoka kwa askofu, na ukarabati wa kanisa lazima upitie ushauri wa wataalamu. Paroko mwenye shauku anayeanza kubomoa plasta Jumatatu baada ya misa nzuri ya Jumapili anajitafutia matatizo, na mara nyingi anawatafutia matatizo wafadhili wake pia, kwani mfadhili wa maana ataomba hati ya kiwanja, barua ya jimbo na akaunti ya benki yenye jina la wadhamini.

Serikali je? Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Makanisa tunayoyazungumzia ni ya baada ya hapo, kwa hiyo yanalindwa tu kama waziri ameyatangaza kwa jina. Kamati nyingi hazitaki hata kusikia habari hiyo, zikiogopa kwamba kanisa likishatangazwa, hazitaweza kugusa dirisha bila ruhusa kutoka Dodoma. Hofu hiyo ina msingi. Lakini jengo lisilotambuliwa na mtu yeyote halina pia wa kulitetea siku kamati mpya itakapoamua kuling'oa dari la mbao na kuweka gipsamu.

Kuna pesa ya urithi wa dunia, na hapa matumaini huwa makubwa kuliko hali halisi. Njia kuu ya biashara ya watumwa na pembe, kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, iliingizwa mwaka 2006 kwenye orodha ya mapendekezo ya UNESCO, ikiwa na vituo sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Kwihara iko nje kidogo ya mji wa Tabora, na tembe alilokaa Livingstone pamoja na Stanley ndilo makumbusho yake. Kuwa kwenye orodha ya mapendekezo hakuleti shilingi. Hata hivyo kunampa mwandishi wa ombi aya moja yenye nguvu: kwamba kanisa hili liko kwenye njia ambayo taifa lenyewe limeiona inastahili kuhifadhiwa.

Anayetaka kuona pesa ya urithi ikifanya kazi aende Mkunazini, Unguja. Kanisa kuu la Kianglikana lilianza kujengwa mwaka 1873, likajengwa kwa sehemu kubwa enzi za Askofu Steere, mahali palipokuwa soko la watumwa. Ukarabati wake wa karibuni, uliokamilika mwaka 2016, uliendeshwa na Mfuko wa Majengo ya Kale Duniani, wenye makao yake New York, kwa msaada mkubwa wa Umoja wa Ulaya. Pamoja na kuta na mnara, ukazaa maonesho ya kudumu juu ya historia ya utumwa. Hilo ndilo sharti lililojificha ndani ya misaada ya aina hii. Mfuko wa kiutamaduni haulipii ibada. Unalipia historia, na unataka historia hiyo isimuliwe kwa kila mtu, asiye Mkristo akiwemo. Kwa Tabora maana yake ni kwamba simulizi haliwezi kuwa la wamisionari mashujaa peke yao. Lazima waingie wapagazi wa Kinyamwezi, wafanyabiashara Waarabu na Waswahili waliokuwa wenyeji wa mji huo kabla ya padri yeyote, Isike na baruti yake, na watoto waliokombolewa ambao hakuna aliyewauliza kama wanataka kulelewa misioni. Parokia isiyotaka kusimulia hayo ni heri isiombe pesa hiyo.

Na tusijidanganye kuhusu watalii. Mkunazini iko katikati ya Mji Mkongwe, wageni wanapita mlangoni mchana kutwa na kiingilio chao kinasaidia kulipa mishahara ya walinzi. Tabora haina mbuga mlangoni wala bahari. Mgeni anayefika Kwihara ni yule aliyekusudia kufika. Mpango wowote wa ukarabati unaotegemea viingilio vya watalii katika njia hii, nje ya Bagamoyo, umeandikwa na mtu ambaye hajakaa siku nzima kwenye geti la makumbusho ya mkoani.

Mashirika ya kanisa ya Ulaya nayo yamebadilika. Kwa miongo mingi parokia ilikuwa na njia fupi: padri Mholanzi au Mjerumani anaandika barua kwao, kijiji chake kinafanya mnada wa keki, bati zinafika. Mapadri hao wamezeeka au wamefariki, na shirika lao sasa linapata miito yake mingi hapa hapa Afrika. Mashirika makubwa yamebaki na yanasaidia, lakini yanapenda zaidi kufundisha makatekista, kusomesha waseminari na kujenga makanisa pale ambapo hayapo. Ombi la kutengeneza kanisa ambalo tayari lipo linasubiri chini ya rundo. Siwalaumu. Ningekuwa mezani kwao, kigango kinachosali chini ya mwembe ningekiweka mbele pia.

Inabaki michango ya nyumbani, na hapo ndipo uchambuzi unapaswa kukaa muda mrefu zaidi.

Harambee ya Kitanzania ni tamasha, na kama tamasha inafanya kazi. Baada ya misa watu wanabaki uwanjani. Kwaya inaimba, mshereheshaji anaanza mnada kwa jogoo, jogoo ananunuliwa elfu hamsini, mnunuzi anamrudisha, ananunuliwa tena na Mgogo aliyeoa mjini kwa sababu watani zake Wanyamwezi wamemwambia hawezi. Mpaka jioni jogoo yule ameingiza kuliko ng'ombe, na bado yuko hai. Kisha zinasomwa ahadi. Kila mhasibu wa parokia anajua kwamba ahadi na fedha taslimu ni vitu viwili, na pengo kati yake hupanuka kadiri mtoaji alivyo mkubwa. Mama wa jumuiya aliyeahidi elfu kumi ataileta kwa awamu mbili. Mheshimiwa aliyeahidi milioni kumi mbele ya kamera anaweza kuhitaji kukumbushwa hadi uchaguzi upite.

Suala la wanasiasa si dogo. Agosti 2020, katika kanisa la Chamwino, Rais Magufuli aliendesha changizo la papo kwa papo la kujenga msikiti wa jirani, na Wakatoliki wakatoa. Tukio lile lilionesha kitu kizuri kuhusu ujirani wa dini zetu, kitu ambacho watu wa Tabora, mji wenye Waislamu wengi na misikiti mikongwe, wanakiishi bila kuelekezwa. Lakini upande wa pili upo. Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi aliagiza zirudishwe shilingi milioni 2.6 za Kenya alizozitoa Rais William Ruto katika kanisa la Soweto, zikiwemo milioni mbili za nyumba ya mapadri, na akakataa milioni tatu zaidi na basi vilivyokuwa vimeahidiwa. Alichokikataa si ukarimu. Ni mimbari kununuliwa. Kamati ya ukarabati inayoanza kwa mgeni rasmi wa kisiasa mwaka wa uchaguzi itapata paa, na itapata pia nusu ya waumini ambao hawatachangia tena, kwa kuwa sasa paa lina chama.

Udhaifu mkubwa wa harambee kwa ukarabati, hata hivyo, ni kwamba hutokea mara moja. Jengo la zamani halina siku moja ya kuhitaji pesa. Linahitaji kidogo kila mwaka milele. Tufanye hesabu ya mfano. Parokia yenye jumuiya 60, kila jumuiya familia 15, ina familia 900. Kila familia ikitoa shilingi 1,000 kwa wiki, mwaka unaisha na shilingi 46,800,000. Nusu yao wakishindwa, na watashindwa maana kuna ada za shule na kuna misiba, inabaki 23,400,000. Hiyo haijengi kanisa. Lakini kila mwaka inatosha kutengeneza upande mmoja wa paa, au madirisha ya ubavu mmoja, na mwaka unaofuata tena. Kwa miaka mitano kanisa limezungukwa bila kufungwa hata Jumapili moja na bila kumsubiri mfadhili.

Utaratibu huo unakufa kwa jambo moja tu: watu wakiacha kuamini hesabu. Septemba 2016, baada ya tetemeko la ardhi la Kagera, nchi nzima ilichanga. Kabla mwezi haujaisha Rais alikuwa amewaondoa kazini maofisa waliotuhumiwa kufungua akaunti ya pili yenye jina linalofanana na la mfuko wa maafa. Baadaye Serikali ikaeleza kwamba fedha zingeelekezwa kwenye shule, zahanati na miundombinu ya umma badala ya nyumba za watu binafsi. Huenda uamuzi huo ulikuwa wa busara kiuchumi. Lakini wengi walikuwa wametoa wakiwa na picha ya bibi aliyelala nje. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1267, iko wazi kuliko mazoea yetu: kilichotolewa kwa lengo fulani kitumike kwa lengo hilo tu. Parokia inayokopa pesa ya paa kununulia kreti za soda za sherehe ya kipaimara, hata ikiirudisha, imekwisha kuua mfuko wake.

Kuna kundi la wachangiaji ambalo parokia za zamani zinalo na halitumiki ipasavyo, nalo limeandikwa ndani ya vitabu vya ubatizo. Mtu aliyebatizwa Tabora na sasa anaishi Mwanza, Dodoma au Muscat, akitaka kufunga ndoa kanisani lazima ombi la cheti chake lirudi katika ofisi ileile, na ndoa yake iandikwe pembeni ya jina lake katika kitabu kilekile. Ofisi ya parokia kwa hiyo inakutana na watoto wake waliotawanyika katika wiki ambayo wana furaha, wana kamati ya harusi na wana M-Pesa mkononi. Inawapa cheti na kuwaaga. Haihitaji maarifa makubwa kumpa mtu huyo, pamoja na cheti, barua ya nusu ukurasa inayoeleza hali ya kisima alichobatiziwa na namba ya kulipia. Tabora zaidi ya hapo ni mji wa shule. Nyerere alisoma Tabora Boys, akarudi mwaka 1946 kufundisha St. Mary's. Maelfu waliopita katika shule hizo walisali katika makanisa haya wakiwa vijana, na wanayakumbuka kwa upendo ambao haujawahi kuombwa chochote.

Sasa ukumbi. Katika mipango mingi ukumbi wa parokia unaandikwa mwishoni, kama kiambatisho: kanisa kwanza, Mungu akijalia na ukumbi baadaye. Nadhani mpangilio huo ni wa kugeuza, isipokuwa pale ambapo kanisa linatishia kuangukia watu. Kanisa likikarabatiwa linaanza kudai gharama. Ukumbi ukikarabatiwa unaanza kulipa. Tabora kuna harusi, sendoff, ubarikio, mahafali, semina za halmashauri na mikutano ya vyama vya ushirika. Ukumbi wenye paa zima, vyoo vinavyofanya kazi, umeme wa kutosha na sehemu ya kupikia hauhitaji kuwa wa kifahari. Kodi yake ya mwaka, ikiwekwa yote katika mfuko wa kanisa, ndiyo inayoweza kuwa ile pesa kidogo ya milele.

Masharti yake hayapaswi kufichwa. La kwanza ni pombe. Ukumbi unaouza bia unapata harusi nyingi za Kikristo na unapoteza za Waislamu, ambao katika mji huu si wateja wa kupuuzwa. Usiouza unapata sifa kwa paroko na malalamiko kwa kamati. La pili ni kodi ya Serikali: ukumbi ukikodishwa ni biashara, na TRA haitajali kwamba ukutani kuna picha ya Moyo Mtakatifu. La tatu ni jamaa. Mwenyekiti ana binti anayeolewa, katibu ana mpwa, mwalimu wa kwaya ana mahafali, na wote wanaomba punguzo. Kumbi nyingi za parokia hazikufa kwa mvua, zilikufa kwa punguzo. La nne ni mkopo. Miaka ya nyuma dayosisi moja ya kaskazini ilijikuta na hoteli yenye deni la mabilioni, na waumini wakaombwa kulichangia. Kitega uchumi kilichojengwa kwa deni kinatega waliokijenga.

Pesa ikipatikana, hatari ya mwisho ni kuitumia vibaya kwa nia njema. Kuta nyingi za misioni za zamani ni za matofali ya udongo, mengine ya kuchoma na mengine mabichi, yaliyounganishwa kwa udongo au chokaa. Ukuta wa namna hiyo unapumua: unyevu unaopanda kutoka chini hutoka taratibu kupitia plasta ya chokaa. Fundi wa leo anaijua saruji. Anakuta plasta imebanduka mita moja kutoka chini, anaikwangua na kupiga saruji ngumu, inang'aa, kamati inapiga makofi. Unyevu unakosa pa kutokea, unapanda juu zaidi, chumvi inakusanyika nyuma ya saruji, na baada ya masika kadhaa plasta inaanguka ikiwa imeshika uso wa tofali. Sasa ukuta umepungua unene. Chokaa iliyozimwa vizuri na kuachwa ikae ni kazi ya subira, na mafundi wanaoijua wanapungua, lakini wapo pwani, na kumleta mmoja awafundishe vijana wa parokia kunagharimu kidogo kuliko kurudia ukuta. Hata hivyo ukuta si wa kuanza nao. Anza na paa, kisha mifereji ya kuondoa maji msingini. Maji yakiwa bado yanaingia, rangi mpya ni kuwadanganya waliochanga.

Na lipo swali ambalo kamati huliogopa: je, kanisa hili linastahili kutengenezwa? Waumini wameongezeka, na jengo lililowatosha watu wa 1910 sasa linawaacha nusu nje. Kanuni ya 1222 inamruhusu askofu, pale kanisa lisipofaa tena kwa ibada na lisipoweza kutengenezwa, au kwa sababu nyingine nzito baada ya kuwasikiliza mapadri wake, kuligeuza kuwa na matumizi ya kawaida yasiyo ya aibu. Kanisa la zamani linaweza kuwa ukumbi, na jipya likajengwa kando. Hilo si kushindwa. Kushindwa ni kupanua kanisa la zamani kwa kubomoa ubavu wake na kubandika nondo na zege, hadi parokia isipate kanisa kubwa wala urithi. Bukoba walichagua kuhangaika na kanisa kuu lao walilokuwa nalo, na ikawachukua miaka. Kadinali Laurean Rugambwa, kadinali wa kwanza Mwafrika, alifariki Desemba 1997. Mwili wake ulihifadhiwa Kashozi hadi Oktoba 2012, kazi ya kanisa kuu ilipokamilika ndipo akahamishiwa humo. Kama kadinali alisubiri karibu miaka 15, paroko wa Tabora asione haya kutangaza mpango wa miaka mitano.

Mpango huo, kwa Tabora, unaamuliwa na kalenda kuliko na kamati. Mvua zinaanza Novemba. Paa lililofunuliwa lazima liwe limefunikwa kabla Oktoba haijaisha. Wakulima wa tumbaku wa Urambo, Sikonge na Kaliua wanauza kati ya Mei na Agosti, malipo yakichelewa Septemba, na wakulima wa mpunga wa Igunga na Nzega wanakuwa na pesa katika miezi hiyohiyo. Kumwomba mkulima Februari, akiwa anakopa mbolea, ni kumdhalilisha. Kwa hiyo makadirio ya mkadiriaji majenzi yawe mezani ifikapo Pasaka, mbao za mninga zikatwe na kukauka kwa kibali halali cha misitu kabla ya hapo, na barua ya kuomba ruhusa ya askofu iandikwe kabla ya Kwaresima kuanza. Mwaka ukipita bila barua hiyo, mabati yatanunuliwa Desemba, kwa bei ya Desemba, na yatapangwa ndani ya ukumbi unaovuja.